Kawa la Mama Obed

Mikumi,
11 Desemba 1994

Shangazi Katarina,

Shikamoo. Barua hii ameibeba Timotheo, kondakta wa basi la Kilosa. Ameniahidi kwamba siku ya gulio la Zombo atampa mtu wa kambini akufikishie. Sisi huku wazima, mimi na mume wangu Obed, na duka linakwenda. Najua nimekuandikia mara moja tu tangu niolewe, na barua yenyewe ilikuwa fupi.

Nina shida, naomba unisaidie. Krismasi hii tunakwenda Msowero kwa wazazi wa Obed. Mwaka jana, nikiwa bado bibi harusi, nilimpelekea mama mkwe chupa ya chai yenye maua mekundu. Nilidhani nimefanya jambo. Alinishukuru, akanichukua chumbani tukaiweke, na juu ya kabati nikakuta chupa nyingine nne, zote za maua, mbili zikiwa bado kwenye boksi. Siku hizi maduka yamejaa, Shangazi. Zamani mtu ukimpelekea sabuni alikukumbuka mwaka mzima. Sasa hata sisi dukani tunauza vifuniko vya plastiki vya kuzuia nzi, vya rangi tatu. Nikimpelekea kimoja atakiweka chumbani pamoja na chupa zake.

Nilikuwa nimeagiza vitenge kwa mtu anayetoka Dar, na jana ndiyo nimeambiwa hasafiri tena mpaka Januari. Basi nikakumbuka kazi yako. Baba bado ana ule mkeka wako nyumbani Mamboya, ingawa hautandiki. Naomba unisukie kawa la kufunikia chakula, kwa ajili ya mama mkwe, na vikapu viwili vidogo vya mawifi zangu, Winnie na Jenipher. Najua siku zimebaki chache.

Naomba na mambo mengine mawili. Usiweke ile alama yako ya misalaba midogo ukingoni. Na usihangaike kuleta mzigo mwenyewe mpaka barabarani, jua ni kali. Mpe mtu amkabidhi Timotheo.

Mtoto wako,
Upendo


Lukando, kupitia Zombo
14 Desemba 1994

Upendo,

Marahaba. Barua imefika na harufu ya dizeli, lakini inasomeka. Habari za harusi yako nilisimuliwa na muuza mahindi. Alisema ulipendeza.

Krismasi huwa tarehe ileile kila mwaka, kwa hiyo nimeshangaa kidogo kuona imekukuta ghafla. Hata hivyo si wewe peke yako. Tangu masista waondoke na mgao wa unga ukapungua, sisi tulioponywa ukoma tunaishi kwa mikono hiihii iliyobaki, na kila Desemba watu hukumbuka wiki ya mwisho kwamba tupo. Kuna mwalimu wa Kilosa ametaka mikeka sita kabla ya Jumapili. Nimemshauri akanunue sahani.

Kusuka kawa jipya kwa siku hizi haiwezekani. Ukindu lazima uchemshwe, uanikwe, uchovywe rangi, uanikwe tena, na mvua sasa inanyesha mchana. Lakini ninalo moja nililolianza Agosti kwa matumizi yangu, limebaki kushonwa pindo. Nitakupa hilo. Kwanza nijibu. Mama mkwe wako ni mtu wa namna gani? Anapika ugali wa watu wangapi? Nyumba yake ina mwanga au ni ya giza? Chakula anaweka mezani au chini? Siwezi kumchagulia kitu mtu nisiyemjua. Nikimwekea rangi kali kumbe ni mtu wa kimya, litakuwa linampigia kelele ndani ya nyumba yake kila siku.

Alama sitaweka, kama hutaki. Hukusema sababu.

Barabarani huwa nafika vizuri tu, nina viatu vya soli nene. Lakini nimesikia.

Shangazi yako,
Katarina


Mikumi,
17 Desemba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru sana. Najibu haraka maana Timotheo anaondoka saa nane.

Mama mkwe ni mrefu kuliko Obed. Walihamia Msowero na ng'ombe wao kutoka Shinyanga Obed akiwa darasa la saba, na mpaka leo anasema Kisukuma na watoto wake. Kiswahili chake ni cha polepole lakini hakosei. Hapigi kelele. Akikasirika anaanza kufagia. Ugali wake ni wa sinia kubwa, kwa sababu vijana wanaochunga wanakula palepale, na chakula kinawekwa chini. Nyumba ni ya giza, madirisha yake madogo. Maziwa yako kila mahali, kwa hiyo na nzi wako. Aliwahi kuniambia, "Nzi wa Msowero wananijua kwa jina." Ndiyo mara pekee nimemsikia akitania.

Kuhusu alama, watu watauliza ni ya nini na ni ya nani, na mimi si hodari wa kueleza mbele ya watu. Hakuna sababu nyingine.

Upendo


Lukando,
20 Desemba 1994

Upendo,

Mzigo ndio huu. Kawa lilikuwa na mstari wa zambarau. Nimeufumua nikaweka mweupe, ili lionekane kwenye nyumba ya giza. Kishikio cha juu nimekirefusha kidogo, mtu mrefu asilazimike kuinama sana. Mawifi zako siwajui tabia, kwa hiyo nimewapa vikapu vinavyofanana, wasije wakaoneana wivu. Kile kifuko ni cha Obed, aweke funguo za duka.

Usivifunge kwenye mfuko wa nailoni, vitaota ukungu.

Vyote nimevifuta kwa maji ya moto na sabuni, nikavitoa juani kila jua lilipochungulia. Haikuhitajika. Daktari alishaniandikia mwaka 1986 kwamba sina ugonjwa wa kumpa mtu. Nimefanya ili wewe usafiri bila wasiwasi.

Krismasi njema kwa watu wa Msowero.

Katarina


Mikumi,
3 Januari 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Vitu vyako vimependwa kuliko nilivyotegemea. Watoto wengine wa mama mkwe walileta ndoo za plastiki na saa ya ukutani inayolia kama ndege. Mama mkwe alilishika kawa kwa mikono miwili, akaligeuza, akalinusa, kisha akalifunikia ugali hapohapo, kabla hata ya kumaliza kushukuru. Baba mkwe, Mzee Budeba, akasema, "Leo tunakula kama maaskofu." Winnie alikwenda na kikapu chake kanisani. Obed anatembea na kile kifuko.

Mama mkwe aliuliza nani amesuka. Nikasema ni mama mmoja wa huko kwetu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nimempa Timotheo kitenge na kilo mbili za sukari. Ni kidogo, upokee.

Mtoto wako,
Upendo


Msowero,
22 Januari 1995

Kwa Mama Msukaji wa Lukando,

Mimi ni Celestina, mama yake Obed wa Mikumi. Anayeandika ni binti yangu Winnie. Mimi nasema, yeye anaandika.

Nimekupata hivi. Ijumaa nilikwenda sokoni Kilosa na kikapu cha Winnie. Kondakta mmoja, jina lake Timotheo, akakitazama akasema, "Mama, hicho nilikibeba mimi kabla ya Krismasi, kutoka Zombo kwenda Mikumi. Kilikuwa na wenzake." Nikamwambia haiwezekani, kilisukwa na mtu aliyekwisha kufa. Akacheka. Akasema, "Marehemu gani huyo anayetuma mizigo?" Nikamuuliza mzigo ulitoka kwa nani, akasema kwa msukaji wa Lukando, jina halijui.

Siku ya Krismasi mkwe wangu alituambia, mbele ya nyumba nzima, kwamba vitu hivi vilisukwa na marehemu shangazi yake, na kwamba vimetunzwa kwao tangu afariki. Nililia. Hata siku ya posa tuliambiwa shangazi hayupo, tukasikitika. Lakini niliponusa kawa lilikuwa na harufu ya majani mapya. Kitu kilichokaa miaka mingi ndani hakina harufu hiyo. Nikanyamaza, maana ilikuwa sikukuu.

Sasa nataka kujua. Wewe ni nani, na kazi ya marehemu ilifikaje mikononi mwako? Sitafuti ugomvi. Tena binti yangu Jenipher anaolewa Juni, nami ningependa makawa mawili kama hili.

Celestina, Mama Obed

Mimi Winnie naongeza: mama amefagia uwanja mara mbili leo.


Lukando,
29 Januari 1995

Mama Obed,

Sijui nani kati yetu anapaswa kumwamkia mwenzake, kwa hiyo naandika shikamoo. Kama wewe ni mdogo, irudishe.

Ni mimi niliyesuka. Lukando ni kambi ya watu waliougua ukoma. Niliugua, nikapona, na karatasi ya daktari ninayo. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikubaki. Vitu nilivyotuma nilivisafisha. Ukitaka kuvichoma vichome, sitakuuliza. Ila usimwekee msichana kinyongo. Alitaka kukufurahisha, na siku zilikuwa zimemwishia.

Kuhusu shangazi yake, ni kweli alifariki. Alikuwa jirani yangu hapa kambini. Kawa alilianza yeye, mimi nikalimalizia, ndiyo maana ulisikia harufu mpya. Msichana hakusema uongo wote. Aliona haya kutaja ugonjwa wa shangazi yake, na si yeye wa kwanza kuona haya hiyo.

Makawa ya Juni naweza kuyafanya, kama utakuwa bado unayataka baada ya kusomewa haya.

Msukaji wa Lukando


Lukando,
29 Januari 1995

Upendo,

Mama mkwe wako ameniandikia. Nimejua kutoka kwake kwamba nimekufa.

Nimemkubalia, usije ukaaibika. Nimemwambia nilikuwa jirani yangu mwenyewe. Sasa niandikie nilikufa mwaka gani, kwa ugonjwa gani, na nani alinizika, tusije tukapishana maneno.

Kitenge kilifika. Nimekishona gauni.

Katarina


Mikumi,
5 Februari 1995

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi nilizochana kabla ya hii sizitaji.

Siku ya posa, wazee wa kina Obed walipofika Mamboya, waliuliza shangazi wa binti yuko wapi, kwa kuwa ana fungu lake kwenye mahari. Baba akasema, "Alifariki mwaka sabini na tisa." Ndiyo mwaka uliopelekwa Lukando. Mimi nilikuwa chumba cha pili na mama, nikisikia. Mama alinishika mkono, lakini hakunishika kwa nguvu. Ningetaka kutoka ningetoka.

Baadaye Obed aliniuliza kuhusu wewe, nikamjibu kama alivyosema Baba. Nilidhani ndiyo mwisho. Krismasi nilikuwa nimejiandaa kusema ni mama mmoja wa kwetu, kama nilivyokuandikia. Lakini alivyolishika lile kawa nikatamani ajue kwamba limetoka kwa mtu wangu, si kwa mtu yeyote tu. Maneno yakanitoka kwamba ni la shangazi. Na shangazi kwao alikuwa amekwisha kufa, sikuwa na njia nyingine ya kumalizia.

Ulikufa kwa malaria. Baba alikuzika. Naandika kwa sababu umeuliza.

Obed hajui lolote. Nikimwambia leo ataniuliza ni mambo gani mengine nimemficha. Na watu wa hapa wakisikia kuna ukoma kwenye ukoo wangu, nani atanunua sukari niliyoipima kwa mikono yangu? Unisamehe, Shangazi, au usinisamehe, lakini naomba tuache mambo yabaki kama ulivyomwandikia.

Upendo


Msowero,
19 Februari 1995

Dada,

Marahaba. Nadhani mimi ndiye mkubwa.

Barua yako nilisomewa na Winnie. Alipofika kwenye neno ukoma aliiweka chini akaenda kunawa. Kikapu chake amenirudishia. (Mama amesema niandike hilo pia, nami Winnie naandika.) Jenipher amebaki na chake. Mimi kawa nililitoa ndani nikalitundika kwenye nguzo ya zizi. Nikarudi kufunikia lile la plastiki alilolileta Obed mwenyewe mwaka jana. Ni jepesi. Siku moja upepo ukalibeba, nzi wakajaa kwenye maziwa, vijana wakakataa kunywa. Nikaenda kwenye nguzo nikalichukua kawa. Nalitumia tangu siku hiyo. Sina maneno mazuri zaidi ya kukupa. Niliogopa, kisha nikaacha.

Jambo la pili. Kwenye posa tuliambiwa shangazi alifariki mwaka sabini na tisa. Wewe unasema alilianza kawa hili. Basi lilikaa miaka kumi na tano bila kumalizwa likisubiri Krismasi moja? Na pale ulipoandika "usimwekee msichana kinyongo", nimemwambia Winnie anisomee tena na tena. Jirani haombi hivyo. Jirani angetaja bei ya makawa. Wewe bei hukutaja.

Sikuulizi, dada. Nakueleza tu. Kwenye mahari ya Upendo kulikuwa na mbuzi jike wa shangazi. Tulipoambiwa shangazi hayupo, mume wangu alisema hatuwezi kumchinja wala kumuuza, akae. Yuko hapa mpaka leo, na amezaa. Kila nikimfungulia asubuhi naona nimeshika kitu cha mtu. Wiki ijayo nakwenda Mikumi kumuuliza mkwe wangu nimpeleke wapi.

Celestina

Mimi Winnie: nimejaribu kumzuia asiende. Hazuiliki.


Mikumi,
2 Machi 1995

Shangazi,

Shikamoo.

Mama mkwe alifika Jumatatu bila kutoa habari. Mimi nilikuwa nyuma ya duka nachambua mchele, Obed anapanga betri kwenye rafu. Mama alikaa, akanywa maji, akauliza biashara inaendaje. Kisha akasema:

"Upendo, mbuzi wa shangazi yako amezaa. Sasa ni watatu. Niwapeleke wapi?"

Obed akacheka. "Mama, shangazi yake si alifariki?"

"Sikukuuliza wewe."

Nilitazama mchele. Nilikuwa nimeshika punje yenye ganda, naikumbuka mpaka sasa. Ningeweza kusema wapelekwe kwa Baba, na mambo yangeishia hapo. Naamini mama mkwe angekubali, angerudi kwake, na asingeniuliza tena maisha yake yote. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikasema, "Lukando."

"Lukando ni wapi?" Obed akauliza.

"Ni kambi, karibu na Zombo. Shangazi yupo hai. Aliugua ukoma akapona. Ndiye aliyesuka kawa."

"Ulikuwa unajua siku zote?"

"Ndiyo."

"Na baba yako?"

"Ndiyo."

Akamaliza kupanga betri zilizokuwa mkononi. Halafu akafunga duka, ilhali ilikuwa bado asubuhi, akatoka. Kwa siku mbili alikuwa akija kula tu. Mama mkwe alibaki na mimi. Hakunibembeleza, hakunikaripia, alipika na kufagia. Mara moja tu alisema, tukiwa tunaosha vyombo, "Usidhani nimefurahi. Umeniliza mbele ya watoto wangu kwa ajili ya mtu anayekula na kulala."

Nikamwambia nimekosa. Akasema, "Najua umekosa. Suuza hicho."

Jana Obed amerudi nyumbani. Amesema ukoma si jambo geni kwake, hata Shinyanga aliwaona watu hao akiwa mtoto. Linalomuuma ni kwamba aliniuliza, nikamjibu huku namtazama usoni. Amesema hajui litamchukua muda gani, nisimharakishe. Sijamharakisha.

Lakini Jumamosi ya wiki ijayo amekodi pikapu. Watu wa nyumbani kwao watatoka Msowero na mbuzi, sisi tutakutana nao Kilosa. Tunakuja kwako, kama utatukubali. Nimemwandikia Baba pia. Hajajibu.

Mtoto wako,
Upendo


Lukando,
6 Machi 1995

Upendo,

Njooni. Barabara kutoka Zombo ina tope, dereva apite upande wa shule.

Waambie wote mapema kwamba tutakula pamoja. Asiyetaka aseme ameshiba, sitamhoji. Zawadi msiniletee. Alama yangu nitaiweka kwenye makawa ya Jenipher, mama mkwe wako akikubali.

Kwamba ulisema Lukando, nimesoma. Sina la kuongeza kwa sasa.

Katarina


Lukando,
14 Machi 1995

Kaka Yeremia,

Shikamoo. Barua nilizokuandikia miaka ile ya mwanzo hazikujibiwa, kwa hiyo hii naihesabu kuwa ya kwanza.

Jumamosi wakwe zako walikuja hapa. Alikuja Mzee Budeba mwenyewe, mkewe Mama Obed, mabinti zao wawili, na Upendo na mumewe. Upendo alipiga magoti kuniamkia katikati ya uwanja, kambi nzima ikitazama, akashindwa kuinuka. Wifi yake Jenipher ndiye aliyemwinua. Sikulia. Nililia baadaye walipoondoka, nikiwa naosha sufuria.

Mama Obed alikaa kwenye mkeka wangu, akautazama mkono wangu wa kulia bila kujificha, akauliza sindano naishika na nini. Nikamwonyesha. Akakunja vidole vyake vitatu akajaribu kushona, akajichoma, akasema kwa Kisukuma neno ambalo mumewe alikataa kunitafsiria. Yule binti mwingine, Winnie, alikaa kwenye pikapu muda mrefu. Jua lilipomzidi akashuka kuomba maji. Nilimpa kikombe, akakitazama, akanywa. Chakula alisema ameshiba, nami sikumhoji.

Obed ni kijana wa heshima. Yeye na mkewe hawasemezani sana. Walikuja wamekaa mbalimbali kwenye gari. Wakati wa kuondoka mvua ilianza, akavua koti lake akamfunika nalo, kisha akaenda kukaa mbele na dereva. Sijui itakuwaje kwao. Wakiushinda mwaka huu nadhani wataishinda na mingine.

Mbuzi nimempokea, jike na wanawe wawili. Kabla ya kunikabidhi kamba Mzee Budeba alisita. Alisema kwa taratibu zao mbuzi wa shangazi hutolewa kaka yake akiwepo, akauliza wewe uko wapi. Watu wote wakanitazama. Upendo akatazama chini.

Kaka, nilifikiria kumjibu kwamba ulifariki. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na lingenitoka vizuri tu, bila kutetemeka. Ningetaja na mwaka. Sikulisema. Nilimwambia uko Mamboya, mzima, na miguu yako haina tatizo.

Mmoja wa wana wa mbuzi ni dume jeusi. Nimekutengea wewe. Simtumi kwa Timotheo wala kwa mtu mwingine. Amefungwa nyuma ya nyumba yangu, ya tatu ukitokea kisimani. Njoo umchukue mwenyewe.

Dada yako,
Katarina